Ukuta Uliovikwa Saruji: Kisa cha Nyumba ya Kukandika ya Ilala

Kuhusu kisa hiki

Nyumba ninayoieleza ipo Ilala, Dar es Salaam, na bado inakaliwa na watu. Familia imeniruhusu kuandika kwa sharti kwamba mtaa usitajwe wala mtu yeyote asitambulike, kwa hiyo baadhi ya mambo madogo nimeyabadilisha. Wahusika nitawaita kama wajukuu wanavyowaita: Babu, Bibi, Baba Mkubwa, Shangazi Mkubwa na Shangazi Mdogo. Mjukuu ni yule aliyekuja kuwa msimamizi wa mirathi. Mimi ni fundi sanifu wa majengo. Niliitwa 2019 baada ya ukuta kuanguka, na sehemu ya makosa nitakayoyataja ni yangu.

Nyumba ilivyokuwa

Babu alikuwa kuli bandarini. Hakuna karatasi inayoonyesha alijenga lini, lakini Shangazi Mkubwa anasema ilikuwa mwaka uliofuata ule mgomo mkubwa wa makuli. Mgomo huo ulikuwa 1947, kwa hiyo tuliandika 1948.

Ni nyumba ya Kiswahili kamili, ya aina iliyoijaza Kariakoo, Ilala na baadaye Magomeni. Katikati kuna korido, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, mbele mabaraza mawili ubavuni mwa mlango, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Kuta zake ni viambaza. Nguzo za mikoko zilichimbiwa ardhini, fito zikafungwa kwa kamba pande zote mbili za nguzo, katikati pakajazwa mawe ya matumbawe na udongo, kisha ukuta ukakandikwa na kupakwa chokaa. Juu palikuwa na miti ya kubeba paa, yaani mtambaapanya, mwamba, makombamoyo na pao, na paa la makuti. Miti ilitoka delta ya Rufiji na kuletwa kwa jahazi. Mti wa mkoko ulipendwa kwa sababu moja kubwa: mchwa hauupendi. Nguzo iliyokaa pakavu inaweza kumzika aliyeichimbia, na mwanawe pia.

Hii si nyumba ya matofali ya udongo yaliyokaushwa juani kama yale ya bara. Hata hivyo maradhi ya nyumba zote mbili ni yale yale, kwa hiyo mwenye nyumba ya matofali mabichi huko Dodoma au Singida naye aendelee kusoma.

Mabadiliko, kizazi kwa kizazi

Katika kizazi cha kwanza nyumba ilikuwa na kalenda yake. Masika yakiisha, Bibi alipita ukuta kwa ukuta akitazama palipobomoka. Udongo ulikandwa uani kwa miguu, majirani wanawake wakaja kusaidia, nyufa zikazibwa kwa mkono. Ukifika mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, nyumba yote ilipakwa chokaa. Hakuna aliyeiita kazi hiyo ukarabati. Kwao ilikuwa sawa na kufagia.

Makuti yalidumu miaka michache tu. Babu aliezeka kwa madebe yaliyobanjuliwa, na katikati ya miaka ya 1960 akaweka mabati. Miaka hiyo nyumba za udongo zilikuwa zinaondoka kwa wingi. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na makuti na kujenga za tofali, Magomeni na kwingineko. Ya Babu haikuguswa. Ilipokuja sheria ya kutwaa majengo ya 1971, iliyolenga majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, nyumba hii ilikuwa mbali kabisa na kiwango hicho, ingawa vyumba vitatu vilikuwa na wapangaji. Udongo ambao watu walianza kuuonea aibu ndio ulioinusuru.

Babu alifariki 1976. Mirathi haikufunguliwa. Bibi yupo, watoto wapo, wapangaji wanalipa kodi, nani atakwenda mahakamani kumgawa baba yake akiwa hata kaburi halijakauka? Ninaielewa sababu hiyo na siilaumu, ila tutairudia.

Kizazi cha pili ndicho kilicholeta saruji. Kwa muda mrefu ilikuwa haipatikani hovyo. Kiwanda cha Wazo Hill kilikuwa kinafanya kazi tangu 1966, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuipata mifuko kumi ilikuwa shughuli ya kufahamiana na watu. Ilipokuja enzi ya Ruksa, ya Rais Mwinyi, saruji ikarudi madukani, na Baba Mkubwa, aliyekuwa na kazi nzuri, akaamua kumheshimu mama yake kwa kuipiga lipu nyumba yote nje, kisha kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, ndani. Hiyo ni 1988 na 1989. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Bibi akapumzishwa kukandika. Shangazi Mkubwa aliniambia mama yake alishika ukuta mpya kwa kiganja, akasema tu, "Mgumu," akaingia ndani.

Kizazi cha tatu kilizikuta haki bila mwenyewe. Bibi alifariki, kisha Baba Mkubwa, na kila tawi la ukoo likashika chumba. Mmoja akaweka vigae. Mwingine akaweka dari ya gipsamu. Mabaraza yote mawili yakazibwa kwa tofali za saruji yakawa fremu za maduka, moja ya saluni na moja ya vifaa vya simu. Uani likawekwa tangi la maji juu ya kichanja, limeegemea ukuta wa nyuma. Huko nje barabara iliinuliwa na kutiwa lami. Nyumba iliyokuwa na ngazi tatu za kupanda barazani ikabaki na ngazi moja ya kushuka. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoingia, maji yalikaa ndani siku mbili.

Usiku wa ukuta

Masika ya 2019, saa nane za usiku, kona ya nyuma kushoto ilishuka. Haikulipuka wala haikupiga kelele. Mpangaji wa chumba kile aliniambia alisikia kitu kama gunia la mchele linaburutwa, akawasha taa, akaona lipu ya nje imesimama wima peke yake, na nyuma yake udongo umeshuka chini kama uji. Alimtoa mtoto kupitia dirishani. Hakuna aliyeumia.

Wiki iliyofuata dalali alikwishafika na mtu wa ubia: familia itoe kiwanja, yeye ajenge ghorofa, wagawane sehemu.

Tulichokikuta

Mjukuu aliniomba swali moja tu nilijibu kwa maandishi: nyumba inapona au haiponi?

Nilianza kwa kugonga. Lipu iliyoshikana na ukuta hutoa sauti fupi, iliyoachana hutoa sauti ya debe. Kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, karibu nyumba nzima ilikuwa debe. Tukafungua madirisha madogo saba kwenye lipu, kila moja la upana wa sentimita 30. Chini, udongo ulikuwa mweusi na ukifinyangika mkononi, fito zimekuwa kama tumbaku iliyolowa, na nguzo zimeoza kuanzia ardhini hadi sentimita 40. Juu ya hapo mambo yalikuwa mengine kabisa. Udongo ulikuwa mkavu na wa rangi ya kahawia, kamba bado zimeng'ang'ania, na nguzo zilikuwa ngumu kiasi kwamba fundi wangu alivunja meno ya msumeno akikata sampuli.

Dirisha la nne, karibu na mlango, ndilo lililonifundisha zaidi. Chini ya lipu ya 1988 kulikuwa na chokaa ya Bibi, safu juu ya safu, nyembamba kama kurasa za msahafu uliozeeka, nyingine nyeupe, nyingine za samawati hafifu. Nilihesabu safu 23 kabla hazijaanza kunipukutikia. Mwaka mmoja, safu moja. Juu yake sentimita tatu za saruji, zilizopigwa mara moja, na baada ya hapo hakuna kitu kwa miaka 31.

Maelezo ya kiufundi ni mafupi. Ukuta wa udongo uliochimbiwa ardhini hunyonya unyevu kutoka chini kila siku. Hilo haliuui, kwa sababu chokaa na udongo vina vinyweleo, na jua na upepo huutoa unyevu ule. Saruji huziba. Jamvi nalo lilifunika ardhi yote ya ndani, hivyo unyevu uliokuwa ukipumulia sakafuni ukabaki na njia moja tu, kupanda ukutani. Ongeza barabara iliyoinuka, ongeza tangi linalofurika. Shangazi Mkubwa aliyasikia maelezo yangu yote, nusu saa nzima, kisha akayafupisha: "Kwa hiyo, mwanangu, ukuta ulikuwa unaoga na kujipangusa. Sisi tukauvika koti la mvua, na maji yako ndani ya koti."

Niliandika: vyumba vinne vya mbele vinapona. Viwili vya nyuma havifai.

Maamuzi na sababu zake

Kikao cha ukoo kilikaa mara tatu. Hoja ya ubia ilikuwa na nguvu, na ingekuwa si haki kuidharau. Kiwanja cha Ilala kina thamani kuliko chochote kilichosimama juu yake, na wajukuu wawili walikuwa wanahitaji fedha kwelikweli. Kwa upande wa ulinzi wa sheria, nyumba haikuwa na kinga yoyote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na la baada ya hapo hulindwa likitangazwa. Nyumba ya kuli ya 1948 haiingii popote. Kama ingebaki, ingebaki kwa sababu wenyewe wametaka.

Aliyegeuza kikao hakuwa mimi. Mjukuu aliuliza ni nani hasa atakayetia saini mkataba wa ubia. Kimya. Kiwanja kilikuwa bado kwa jina la Babu, marehemu wa miaka 43. Warithi wake watatu walikuwa wamekwisha kufariki na kuacha warithi wao. Ilikuwa mirathi juu ya mirathi. Kuuza kusingewezekana bila kupita mahakamani, na kukarabati pia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia mwenzake ang'oe vigae.

Uamuzi wa kwanza ukawa kufungua mirathi. Muhtasari wa kikao ukaandikwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua Mjukuu kuwa msimamizi, na hisa zikapigwa kwa sheria ya Kiislamu. Ilichukua zaidi ya mwaka. Baadhi ya jamaa walilalamika kwamba nyumba inaanguka huku tunazunguka na makaratasi. Tuliweka mirunda chini ya mtambaapanya, tukafunika kona kwa turubai, tukasubiri.

Uamuzi wa pili ulikuwa kubomoa vyumba viwili vya nyuma na kuwa na ua mpana. Uliuma, lakini ulitupa kitu ambacho tusingekipata dukani. Misitu ya mikoko ni hifadhi na uvunaji wake una vibali. Vyumba vile viwili vilitupa nguzo nzuri 31 ukiondoa miguu iliyooza, pamoja na udongo wote tuliouhitaji. Ukuta uliokufa ukawa dawa ya uliobaki.

Uamuzi wa tatu ulihusu fremu. Mimi nilitaka zote mbili ziondoke. Familia ilikataa kwa hesabu: kodi ya fremu moja ndiyo ingelipa mafundi. Fremu ya simu ikabaki, ya saluni ikavunjwa na baraza likarudi. Nilinuna, na nilikosea kununa. Bila kodi ile kazi ingekwama mwezi wa pili.

Kazi yenyewe

Tulianza Januari 2021. Lipu ya nje iling'olewa kwa patasi na nyundo ndogo, bila kutumia mashine, kwa sababu mtikisiko ungeshusha na udongo mzima. Kisha tukaenda hatua kwa hatua, mita moja ya ukuta kila mara: mirunda inabeba mtambaapanya, mguu uliooza unakatwa, chini unajengwa msingi wa mawe unaotokeza sentimita 45 juu ya ardhi, nguzo ya zamani inakalishwa juu ya jiwe. Hakuna tena mti unaogusa udongo wa chini. Ndani tulikata mkanda wa jamvi wa sentimita 30 kando ya kila ukuta tukajaza kokoto ili ardhi ipumue. Nje tulichimba mfereji wa kupeleka maji ya barabarani pembeni, na upenu ukarefushwa.

Kupata mafundi wa kukandika kulikuwa kugumu kuliko kupata miti. Vijana wa waashi wanajua bloku na zege. Waliotufundisha ni wanawake wawili wazee wa Mkuranga, waliotazama mchanganyiko wangu niliopima kwa ndoo wakasema una mchanga mwingi. Walishika donge, wakalidondosha kutoka usawa wa kifua, likapasuka vipande vikubwa. Wakaongeza udongo wa mfinyanzi na nyasi zilizokatwa, wakadondosha tena, hadi donge likawa linabonyea bila kupasuka. Huo ndio mchanganyiko tuliotumia.

Chokaa ndilo kosa langu. Tuliiloweka shimoni wiki tatu, sawa, lakini nikaipaka Februari, jua la Dar likiwaka, bila kufunika kwa magunia yenye maji. Ndani ya siku nne ilipasuka kama tope la mbuga. Tuliikwangua yote na kurudia Juni, kipupwe kikiwa kimeingia, tukipaka asubuhi na kunyunyiza maji mara tatu kwa siku. Ile ya Juni ndiyo iliyopo.

Kibali cha ukarabati nacho kilisumbua. Ofisi iliyohusika ilitaka mchoro wa ukuta wa bloku na nondo, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa kuandika udongo. Niliambatisha picha, maelezo ya kila tabaka na barua ya familia, tukarudishwa mara mbili, ya tatu tukapita.

Matokeo

Mvua za vuli 2023, zilizokuja na El Nino, ndizo zilizotupima. Mfereji ulibeba maji, ndani hayakuingia. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani Mei 2024, upepo ulifunua bati mbili za fremu ya simu, na viambaza havikuonyesha ufa mpya. Vyumba vinne vina watu. Tawi moja la ukoo limeuza hisa zake kwa matawi mengine, kwa maandishi, mbele ya msimamizi.

Chumba kimoja hakijapona. Shangazi Mdogo hakukubali ukuta wake wa ndani ung'olewe vigae. Alikuwa ameviweka kwa akiba ya kikoba chake, na hatukuwa na haki ya kumwita mkaidi. Tulitengeneza nje tu. Baada ya masika mawili, chokaa ya upande wa nje ya chumba hicho inatoka unga mweupe wa chumvi hadi usawa wa goti, na chumba jirani kimeanza kunuka ukungu.

Uchambuzi

Nikitazama nyuma, sioni kizazi kilichofanya upumbavu. Mabati yalizuia moto na mvua. Lipu ilikuwa heshima ya mtoto kwa mama, na ilimwondolea mwanamke mzee kazi ya kukanda udongo kwa miguu. Fremu zilisomesha watoto. Kosa lilikuwa mahali padogo: siku lipu ilipopigwa, uangalizi wa kila mwaka ulikoma, na hakuna aliyeachiwa kazi ya kutazama. Kukandika kulikuwa na mwenyewe, lipu haikuwa na mwenyewe. Kama Baba Mkubwa angepiga saruji ile ile na Bibi akaendelea kupita kila baada ya masika akigonga ukuta, sauti ya debe ingesikika tangu miaka ya 1990.

Kuanza na mirathi kabla ya ukuta ndilo jambo lililofanya kazi kuliko yote, ingawa si la kifundi. Nimeona nyumba mbili za aina hii zikikarabatiwa vizuri na kubomolewa ndani ya miaka mitatu, kwa sababu mrithi aliyesahauliwa alitokea na zuio la mahakama. Kutumia miti na udongo wa vyumba vilivyobomolewa kuliokoa fedha, na pia kulifanya ukuta mpya unywee na kutanuka sawa na wa zamani.

Yaliyoshindikana ni mawili. Nilishughulika na maji ya chini nikayasahau ya juu: tangi lilirudishwa uani bila bomba la kumwaga ziada, na kwa miezi minane lilikuwa likidondokea msingi mpya hadi mpangaji aliponionyesha. La pili ni chumba cha Shangazi Mdogo. Nilimpelekea hoja za unyevu na vinyweleo, wakati yeye alikuwa anauliza nani atamlipa vigae vyake. Mjukuu ndiye aliyegundua hilo, akapendekeza gharama ya vigae itoke kwenye kodi ya fremu kabla ya mgawo wowote. Safari ya mwisho nilipokwenda kumwamkia, Shangazi Mdogo alinipitisha chumbani mwenyewe, akapiga kigae cha chini kwa ufunguo wa mlango. Kikalia debe. "Hiki kimoja tu," alisema. "Mtang'oa hiki kwanza, nione kuna nini."